Je, Machozi ya Mwanga Yastahili Machozi Yetu?

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, Kanisa lawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Katika parokia nyingi za nchi yetu vijana huonyesha mchezo juu ya kufa kwao. Pazia ni shuka, mikuki ni ya miti, na moto wa Namugongo ni matambara mekundu yanayopeperushwa na watoto. Lakini watu hufika kwa wingi, nao huondoka wameguswa mioyo. Mchezo wa namna hiyo tuliutazama Kasense, karibu na mji wa Sumbawanga, siku zile za kipupwe ambapo upepo wa Ufipa hupenya koti na shati ukafika mfupani, na akina mama hujifunika kanga mbili mbili. Tuliketi pamoja na watu juu ya mabenchi ya kanisani yaliyotolewa nje. Jambo lililotokea mwisho wa mchezo huo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Michezo mingi ya Mashahidi huishia motoni. Karoli afa, wimbo waimbwa, watu wajiendea zao. Vijana wa Kasense walikuwa wameongeza onyesho moja. Katika onyesho hilo Kabaka Mwanga, yuleyule tuliyemwona akinguruma juu ya kiti chake, sasa ameketi peke yake mkekani, uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Hana walinzi, hana ngoma, hana mtu wa kumpigia magoti. Anaanza kuwataja kwa majina wale aliowaua: Yosefu, Denisi, Matiya, Karoli. Kwa kila jina anazidi kuinamisha kichwa. Alipofika kwa Kizito, sauti ikamkatika, akajifunika uso akalia, akisema kwamba amebaki peke yake duniani.

Watu waliokuwa wakimzomea tangu mwanzo wakanyamaza kimya. Tuliwaona wazee wakifuta macho kwa viganja. Nasi, kwa nini tufiche? Sisi pia tulilia.

Hapo mama mmoja wa makamo, aliyeketi mbele yetu, akasimama, akakung'uta kanga yake, akasema kwa sauti ambayo nadhani hakuikusudia kuwa kubwa: "Huyu naye mnamlilia? Kizito alipofungwa ndani ya matete, mbona hamkulia?" Kisha akaondoka.

Alisema kweli. Kizito alipofungwa ndani ya matete tulikuwa tukiimba.

Swali la mama huyo lilitufuata hadi usiku. Mtu aliyewatesa wengine siku za nguvu zake, akija kujuta wakati wa mwisho, hali nguvu zimemwisha na kiti kimemtoka, je, yatupasa sisi watazamaji kumhurumia? Wala swali hili si la michezo tu. Katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili yumo mzee aliyekuwa mkatili kwa watu wake, naye sasa amelala kitandani, analia. Jinsi tunavyomtazama Mwanga wa jukwaani, ndivyo tutakavyomtazama huyo wa chumbani.

Mchezo ulipokwisha, watu waligawanyika pande mbili. Katekista mmoja kijana alisema: "Bwana wetu alitufundisha kwamba mbinguni wanafurahi kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu. Mwizi aliyesulubiwa pamoja naye aliingia paradisi siku ileile. Sisi ni nani tuufunge mlango?" Mwalimu mmoja mstaafu akamjibu: "Hilo silikatai, mwanangu. Lakini ninyi mmepima vibaya. Matiya Mulumba mmempa maneno mawili, mkamtoa. Mwanga mmempa robo saa nzima ya kulia. Mtazamaji humlilia yule anayepewa nafasi ya kusema."

Neno la mwalimu lina uzito, nasi tutalirudia. Lakini kwanza tuyakumbuke mambo yenyewe, maana haifai kumhukumu mtu, wala kumhurumia, kwa mambo ya kubuni.

Mwanga alitawazwa mwaka 1884, baada ya kufa kwa baba yake, Kabaka Mutesa. Alikuwa kijana asiyetimiza miaka 20. Alitawala kwa hofu, na hofu yake haikuwa ya bure kabisa: mataifa ya Ulaya yalikuwa yakiigawanya Afrika, na mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamekwisha kutia mkono katika nchi hii yetu. Mambo haya yatusaidia kufahamu ukatili wake, hayaufuti. Mwezi Januari 1885 vijana 3 wa Kianglikana waliuawa. Tarehe 29 Oktoba mwaka uleule, Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa wavulana wa ikulu, alimkanya mfalme kwa kosa hilo. Naye tangu zamani alikuwa akiwakinga wavulana wale na tamaa mbaya za bwana wao. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto.

Mwaka 1886 ukawa mwaka wa damu. Matiya Mulumba, mtu mzima mwenye cheo na watoto, alikatwa mikono na miguu juu ya kilima cha Kampala, akaachwa afe polepole, peke yake, bila maji. Tarehe 3 Juni, huko Namugongo, Karoli Lwanga aliunguzwa kwa moto mdogo, kuanzia nyayo. Wenzake wakachomwa pamoja, kila mmoja amefungwa ndani ya matete. Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14, alikuwa amebatizwa na Karoli siku chache tu kabla yake. Kwa jumla Mashahidi wanaojulikana kwa majina ni 45, yaani Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wale 22 walitangazwa Watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, tarehe 18 Oktoba 1964.

Na Mwanga? Mwaka 1888 alipinduliwa. Baadaye akarudishwa kitini. Mwaka 1897 aliinua vita juu ya Waingereza, akashindwa. Mwezi Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Shelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, akaitwa Danieli. Alikufa mwezi Mei 1903, umri wake haujafika miaka 40; na mwaka 1910 mifupa yake ilirudishwa Buganda, ikazikwa Kasubi. Basi vijana wa Kasense hawakulitunga onyesho lao kutoka hewani. Mtu aliyewachoma wengine kwa sababu ya ubatizo, mwishowe mwenyewe aliinamisha kichwa chake chini ya maji ya ubatizo. Ni jambo kubwa, nasi hatuna ruhusa ya kulipita kana kwamba halikuwako.

Lakini kujuta si kwa namna moja. Hilo Kanisa limelifundisha siku zote, lilipotofautisha majuto yanayotoka katika hofu ya adhabu na majuto yanayotoka katika upendo. Yasimuliwa kwamba Balikuddembe, kabla ya upanga kushuka, alimtuma mwuaji wake ampelekee Kabaka ujumbe: kwamba amehukumiwa bila haki, lakini anamsamehe kwa moyo wote, ila Kabaka na atubu, kwani asipotubu watakutana mbele ya Mungu, naye atamshitaki. Mwanga aliposikia habari hiyo aliingiwa na woga mkubwa. Akafanya nini? Masimulizi yasema kwamba aliamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na majivu ya Yosefu, ili Yosefu asiweze kumshitaki. Tazameni, ndugu. Huyo aliogopa kweli. Pengine usiku ule hakulala. Lakini woga wake ulijitazama wenyewe tu, na matunda yake yalikuwa maiti nyingine.

Ndiyo maana hatuwezi kuyapima majuto kwa wingi wa machozi. Yuda alijuta, akazirudisha fedha. Lakini aliwarudishia makuhani, wala hakwenda kwa yule aliyemsaliti. Mwandishi Shakespeare, katika mchezo wake wa Hamlet, amemwonyesha mfalme Claudius aliyemwua ndugu yake. Mfalme huyo anapiga magoti ajaribu kusali, lakini anajua moyoni kwamba hawezi kupata msamaha hali angali amekishika kiti cha enzi na kumweka mke wa ndugu yake nyumbani. Anainuka jinsi alivyokuwa. Kinyume chake ni Zakayo. Injili haisemi kwamba Zakayo alilia hata chozi moja. Yasema kwamba alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Naye mwizi aliyetubu msalabani alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akamkanya mwenzake, kisha hakuomba ateremshwe, aliomba akumbukwe tu.

Kwa hiyo sisi watazamaji tukitaka kujua kama majuto tunayoonyeshwa ni majuto kweli, tujiulize mambo matatu. Kwanza, je, mtu huyu ayataja makosa yake kwa majina yake, bila kumsingizia hasira, pombe, ujana, au shetani? Pili, je, amtazama yule aliyemuumiza, au ajitazama mwenyewe, jinsi alivyoachwa, jinsi asivyo na mtu wa kumpa maji? Tatu, je, yuko tayari kurudisha kinachoweza kurudishwa, na kuiweka fimbo chini asiishike tena?

Tukiupima mchezo wa Kasense kwa vipimo hivyo, Mwanga alianza vema, kwa kuwa aliyataja majina. Lakini sisi hatukulia alipoyataja majina. Tulilia aliposema kwamba amebaki peke yake. Hapo yatupasa kuyachunguza machozi yetu wenyewe, maana nayo yana tabia zake. Machozi yetu hupenda wakubwa. Mfalme akianguka, twaona kana kwamba dunia imepinduka, mioyo yetu yasononeka. Mvulana mdogo wa ikulu akiunguzwa, twaimba wimbo mzuri, twasema yuko mbinguni, basi imekwisha. Kweli yuko mbinguni. Lakini kabla ya mbingu palikuwa na moto, na mvulana yule alikuwa na mama. Huruma ya namna hii huenda juu kama moshi, haiteremki kwa wadogo. Ndiyo tunayoipa pia nyumba ya jirani: mzee mwenye mali akilia, kijiji kizima chaja kumpa pole, mkewe alipolia usiku, kwa miaka 20, hakuna aliyebisha hodi.

Kesho yake, baada ya Misa, yule mama alikuja kutusalimu. Tumebadili mambo machache katika habari yake ili asitambulikane.

"Tumsifu Yezu Kristu, Padre."

"Milele na milele, amina. Mama, jana ulituacha na swali."

Akainamisha macho. "Unisamehe, Padre. Nilisema kwa uchungu."

Tulimwambia kwamba hana kosa la kuombea msamaha, tukamkaribisha aketi. Ndipo akatueleza, kwa maneno machache, habari ya baba yake mzazi. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa akimpiga mama yao mbele ya watoto. Ulezi na maharage viliuzwa vingali shambani, na fedha zikaishia penye pombe. Mama yao alikufa kabla ya wakati. Sasa mzee amepooza upande mmoja, naye yuko nyumbani kwa mama huyu, kwa kuwa ndugu wengine walikataa kumpokea. Kila jioni alia, na kumwita marehemu mkewe kwa jina. Majirani wakija kumjulia hali, hulia pamoja naye, halafu hutoka wakinong'ona: "Maskini mzee, ametubu. Lakini binti yake moyo wake ni jiwe, hatoi hata chozi."

Tukamwuliza, "Mama, nani anamlisha?"

"Mimi, Padre."

"Nani anamwogesha?"

"Mimi. Asubuhi nampa uji. Usiku naamka kumgeuza, asipate vidonda. Lakini kulia siwezi. Nikimwona analia, namwona mama. Sasa wananiambia kwamba sijasamehe. Je, Padre, sijasamehe?"

Wapenzi wasomaji, kumjibu mama huyo tulimsimulia jambo moja ambalo vijana hawakuliweka katika mchezo wao, nalo lilitokea katika nchi hii yetu. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa hadi pande zetu za kusini. Baada ya mahangaiko aliwasili Bukumbi, karibu na Mwanza, katika misioni ya Mapadre Weupe. Ndio shirika lililowafundisha dini wale vijana wa ikulu. Ndio waliombatiza Karoli Lwanga. Ndilo shirika lililoipokea ngome ya Karema mwaka 1885, na kutoka pwani ile ya Ziwa Tanganyika imani ikapanda hadi Ufipa. Miongoni mwa mapadre waliokuwa wamefukuzwa Buganda mwaka uleule alikuwamo Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliyewajua wale wavulana mmoja mmoja. Tangu moto wa Namugongo ilikuwa imepita miaka miwili na miezi tu. Na sasa mwenye kuuwasha moto ule amesimama mlangoni, mkimbizi, hana kitu. Nao wakampokea. Wakampa mahali pa kulala na chakula cha kula. Sisi hatukusoma popote kwamba walilia kwa ajili yake. Twasoma kwamba walimfungulia mlango.

Tena palikuwa na Honorati Nyonyintono, Mkristu Mkatoliki wa ikulu, ambaye mwaka 1886 alilemazwa mwili kwa ukatili, kwa amri ya Mwanga, kwa sababu hakutaka kuikana dini. Mtu huyo ndiye aliyewaongoza Wakristu waliokuwa uhamishoni, mwaka 1889, katika vita vya kumrudisha Mwanga kitini pake. Naye akafa vitani. Hatusemi kwamba sababu zote za vita ile zilikuwa za Injili. Wakristu wale walihitaji mfalme, na Mwanga alikuwa mwana wa mfalme. Lakini mtu kubeba bunduki kwa ajili ya yule aliyemlemaza ni jambo ambalo machozi ya watazamaji elfu hayalifikii.

Basi huruma ni nini? Msamaria wa Injili hakusemwa kwamba alilia. Alishuka, akafunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Kusamehe nako ni kazi ya nia, si ya macho: kutomlipa mtu ubaya kwa ubaya, kumtakia mema, kumwombea, na kumtendea lile linalomfaa. Machozi ni kipaji. Mungu humpa amtakaye, na wakati autakao. Hayakuandikwa katika Amri Kumi. Kwa hiyo tulimwambia: "Mama, umesamehe. Majirani humpa mzee maji ya macho. Wewe humpa uji. Usijilazimishe kulia. Na siku chozi likija lenyewe, usilizuie."

Katika jambo hili twataka kusema wazi, kwa kuwa tumeona madhara yake katika familia nyingi. Asiyepigwa hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyepigwa. Machozi ya mtazamaji ni rahisi, maana fimbo haikumfikia. Anaporudi nyumbani analala usingizi. Basi asimgeukie mjane, au yatima, au mke aliyevunjwa mkono, na kumwambia, "Mbona humlilii? Ametubu." Kumdai aliyeumizwa machozi ni kumpiga mara ya pili.

Wala kusamehe si kumrudishia mtu fimbo yake. Bukumbi walimpa Mwanga kitanda. Kitanda ni haki ya kila anayetubu, na chakula, na sala, na Sakramenti ya Kitubio. Lakini funguo za ghala, mamlaka juu ya watoto, na uwezo wa kuumiza tena, hivyo ni vitu vingine. Anayetubu kweli havidai. Mwizi wa msalabani hakudai kushushwa. Mzee anayesema, "Nimekwisha tubu, kwa hiyo nirudishieni amri yangu katika nyumba hii," huyo bado anajifunza kutubu, nasi tumsaidie kwa kumnyima anachodai.

Lakini tusianguke upande wa pili wa njia. Yuko Mkristu asemaye, "Mwanga hastahili chozi langu, basi." Mkristu huyo atafakari neno analolitumia. Kustahili ni neno la mshahara. Huruma haijawahi kuwa mshahara. Nani kati yetu aliistahili? Vibarua walioitwa saa ya kumi na moja walipewa dinari kamili, na mwenye shamba hakuwaomba radhi wale wa asubuhi. Tukimfungia Mwanga mlango kwa sababu amechelewa, tujue kwamba ni mlango uleule tunaotarajia kuupita sisi wenyewe, na hakuna anayejua saa yake. Jambo tunalomdai kibarua wa saa ya kumi na moja ni moja tu: ajue kwamba wengine walilibeba jua la mchana kutwa, naye ndiye aliyewaongezea mzigo.

Jibu letu kwa swali la Kasense, basi, ni hili. Ndiyo, mlilieni Mwanga. Lakini mlilieni Kizito kwanza. Utaratibu huu ndio haki yenyewe. Anayemlilia mwenye kuwasha moto, na hakumlilia aliyeunguzwa, huyo hakuhurumia mtu. Amechezewa na mchezo. Bali yeye aliyekwisha kumlilia Kizito kwa kweli, aliyekaa penye moto ule asigeuze uso, huyo ana ruhusa ya kumgeukia Mwanga na kumlilia naye. Na machozi yake yatakuwa na maana, kwa kuwa atajua ni kitu gani kinachosamehewa.

Kwa vijana wetu wa michezo twawapa shauri dogo. Msiliondoe onyesho lenu la mwisho. Ni zuri, nalo ni la kweli kuliko ya wengi. Lakini Mwanga anapoyataja majina, wale waliocheza Mashahidi wasikae nyuma ya pazia wakivua mavazi. Kila mmoja, jina lake likitajwa, na aje asimame mbele ya watu, kimya, mpaka wote wawepo. Mwache Mwanga alie mbele yao. Hapo mwalimu wetu mstaafu hatakuwa na lawama, wala yule mama hataondoka.

Na kwako wewe, msomaji, ambaye leo fimbo ingali mkononi mwako, na nyumba yako hunyamaza wanaposikia hatua zako mlangoni: tumekuwekea neno la mwisho. Usingoje kitanda. Mwanga alipobatizwa Shelisheli, hakuweza kumrudisha Kizito kwa mama yake, wala kumpa Matiya Mulumba kikombe cha maji. Alikuwa amechelewa kwa wanadamu, hata kama kwa Mungu hakuchelewa. Wewe hujachelewa kwa lolote kati ya hayo. Mkeo yuko jikoni. Mtoto uliyemfukuza yuko mjini, njia yajulikana. Wenyeji wa Ufipa husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Hawasemi kuulilia uchawi, au kuusikitikia, wasema kuutupa. Tupa fimbo leo, mkono ukiwa ungali na nguvu ya kutupa, na mtu wa kumwomba radhi angali akisikia.

Tulipokuwa tungali tukizungumza na yule mama pale Kasense, alitazama jua, akafunga kanga yake vizuri. Tulidhani anataka kuuliza neno jingine.

"Basi, Padre," alisema, "naomba niwahi. Mzee hajala."

Mashahidi Watakatifu wa Uganda, mtuombee.